Jinsi ya Kupima Santuri za Nyimbo Kuu

Somo la mwezi huu ni la waalimu wa kwaya, tena ni la wote wapendao kusikiliza uimbaji. Twataka kujifunza jinsi ya kupima santuri za nyimbo kuu, yaani zile zinazoimbwa na kwaya pamoja na kundi la wapigaji wa fidla, filimbi na vyombo vingine. Neno santuri twalitumia kwa mapana: ni ile sahani ya gramafoni ya zamani, na ni kila sauti iliyonaswa ikahifadhiwa, hata ile isikilizwayo leo katika simu. Chombo kimebadilika, lakini kazi ya kupima ni ile ile.

Labda mtu atauliza, Kwa nini tupime? Si yatosha kufurahi? Twajibu: santuri hufundisha, hata kama hatukuiita mwalimu. Mwalimu wa kwaya asikiapo waimbaji mia mbili wakiimba kwa kishindo, hurudi kwa waimbaji wake kumi na wawili akaona haya. Mwingine asikiapo uimbaji usio na kosa hata moja, hudhani ya kuwa kuimba ni kutokosea tu, akawatisha watu wake mpaka furaha ikawatoka. Basi yafaa tumjue mwalimu huyu, tujue ni wapi anasema kweli, na ni wapi anasema zaidi ya anayoyajua. Neno letu kwa ufupi ni hili: santuri ni shahidi, si sheria. Na shahidi hupimwa.

1. Kazi tuliyoichagua

Mtu hawezi kupima asichokijua. Kwa hiyo tumechagua kazi moja tu, Mateso ya Bwana wetu kwa Mathayo, aliyoitunga Johann Sebastian Bach (1685–1750). Yeye alikuwa mwalimu wa uimbaji wa kanisa la Mtakatifu Thoma katika mji wa Leipzig, Ujerumani, tangu mwaka 1723 mpaka kufa kwake. Wenye elimu wengi wakubali ya kuwa kazi hii iliimbwa mara ya kwanza Ijumaa Kuu, tarehe 11 Aprili 1727, katika ibada ya alasiri. Ina sehemu mbili: ya kwanza iliimbwa kabla ya mahubiri, na ya pili baada yake. Angalieni basi, haikutungwa iwe tamasha. Ilikuwa ibada, na katikati yake Neno lilihubiriwa.

Ndani yake mna kwaya mbili na makundi mawili ya wapigaji. Mwimbaji mmoja wa sauti ya tatu, aitwaye Mwinjilisti, asimulia habari za Mathayo 26 na 27. Mwingine wa sauti ya nne aimba maneno ya Bwana Yesu. Kwaya ni wanafunzi, ni makuhani, ni makutano wenye kelele. Tena kila mara masimulizi husimama, na mwimbaji wa peke yake hutafakari, kwa maneno ya mshairi Picander. Au wote huimba ubeti wa wimbo wa kitabuni ambao kila Mkristo wa Leipzig aliujua.

Mwaka 1736 Bach aliinakili kazi hii upya kwa mkono wake mwenyewe, kwa unadhifu mwingi, na maneno ya Injili aliyaandika kwa wino mwekundu. Tuukumbuke wino ule. Kwa wino ule Bach mwenyewe ametuonyesha ni nini kilicho cha kwanza.

Baada ya kufa kwake kazi hii ilisahauliwa na watu wengi, hata tarehe 11 Machi 1829, Felix Mendelssohn, kijana wa miaka 20, alipoiongoza katika mji wa Berlin, akiwa na waimbaji zaidi ya 150, na sehemu nyingi zikiwa zimekatwa. Tangu siku hiyo desturi ya kuiimba kwa kwaya kubwa ikaenea, na desturi hiyo ndiyo iliyokuwapo gramafoni ilipokuja.

2. Jinsi sauti ilivyonaswa

Kabla ya kumhukumu shahidi, uliza alisimama wapi na aliweza kuona nini. Kabla ya mwaka 1925 santuri karibu zote zilinaswa pasipo maikrofoni. Waimbaji walisongamana mbele ya pembe kubwa. Sauti nene hazikuingia vema, na kwaya kubwa haikuweza kunaswa ikasikika wazi. Tangu mwaka 1925 maikrofoni ilitumika. Hata hivyo sahani ile iliyozunguka mara 78 kwa dakika ilichukua dakika nne au tano tu kila upande. Kazi ya karibu saa tatu ilihitaji pande zaidi ya thelathini, na msikilizaji aliinuka tena na tena kuigeuza sahani, hata katikati ya wimbo mmoja.

Sahani za muda mrefu zilianza kuuzwa mwaka 1948. Sahani za sauti ya pande mbili, ambazo zafaa sana kazi yenye kwaya mbili, zilienea tangu mwaka 1958. Na zile ndogo zing'aazo, zisomwazo kwa mwanga, zilikuja mwaka 1982. Tena baada ya vita kuu ya pili watu walianza kunasa sauti kwa utepe wa sumaku. Utepe huo waweza kukatwa na kuungwa: wimbo ukiimbwa mara kumi, fundi aweza kuchukua mwanzo wa mara ya tatu na mwisho wa mara ya nane. Hatusemi ya kuwa huo ni udanganyifu. Twasema tu kwamba msikilizaji ajue: uimbaji usio na kosa anaousikia, pengine hakuna kwaya iliyouimba hivyo kwa pumzi moja.

3. Mashahidi watano

Zipo santuri nyingi za kazi hii. Twataja tano tu.

Ya kwanza ilinaswa Amsterdam, Uholanzi, Jumapili ya Mitende, tarehe 2 Aprili 1939, katika ukumbi wa Concertgebouw wenye watu, akiongoza Willem Mengelberg. Kwaya ni kubwa, mwendo huvutwa na kukawizwa, na sehemu kadha wa kadha zimerukwa.

Ya pili ilinaswa Leipzig kwenyewe, mwaka 1941, na wavulana wa kwaya ya Mtakatifu Thoma na wapigaji wa Gewandhaus, akiongoza Günther Ramin, mwenye kushika kazi ile ile aliyoishika Bach. Nayo imekatwa sana. Katika santuri hizi mbili Mwinjilisti ni mtu mmoja, Karl Erb.

Ya tatu ilinaswa London miaka ya 1960 na 1961, akiongoza Otto Klemperer, mzee aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1933 kwa kuwa alizaliwa Myahudi. Mwinjilisti ni Peter Pears, na maneno ya Bwana yaimbwa na Dietrich Fischer-Dieskau. Mwendo wake ni wa polepole na mzito, kama watu wabebao jeneza.

Ya nne ni ya Nikolaus Harnoncourt, ya mwaka 1970, ambayo ndani yake vyombo vya namna ya siku za Bach vilitumika, na sauti za juu zote ziliimbwa na wavulana au wanaume. Ya tano ni ya John Eliot Gardiner, ya mwaka 1988, yenye kwaya ndogo na mwendo mwepesi.

Sasa msiulize upesi, Ipi ni bora? Kwanza tuwe na vipimo.

4. Vipimo vitano

Kipimo cha kwanza ni Neno. Fungueni Biblia zenu, Mathayo 26, mkamfuate Mwinjilisti kwa kidole. Hata asiyejua Kijerumani ataongozwa na majina: Petro, Yuda, Pilato, Golgotha. Mwinjilisti mwema husimulia kama mtu aliyekuwapo. Hafanyi kila neno kuwa kilio. Anapofika mahali Petro alipotoka nje akalia (26:75), Bach mwenyewe ameitungia sauti njia ndefu yenye kupindapinda, kusudi uchungu usikike. Aliyekwisha kulia tangu mwanzo, hapo hana tena la kuongeza.

Kipimo cha pili ni kimya. Kila mara Bwana Yesu asemapo, fidla huyazunguka maneno yake kwa sauti ndefu, laini, kama mwanga. Lakini anapolia msalabani (27:46), Bach ameziondoa fidla zote. Mwanga umetoweka. Katika santuri njema msikilizaji hushtuka hapo, hata asipojua sababu. Ikiwa fidla hazikusikika vema tangu mwanzo, kuondoka kwao hakutajulikana; na hapo santuri imepoteza neno kubwa, ijapokuwa hakuna sauti iliyokosewa.

Kipimo cha tatu ni makutano. Pilato anapouliza wamtaka nani, kwaya zote mbili hujibu kwa mlio mmoja tu, jina la Baraba (27:21). Ni kama jiwe lililotupwa. Baadaye wale waliokuwa pamoja na akida wakiri ya kuwa huyu ni Mwana wa Mungu (27:54). Ungamo hilo halidumu hata nusu dakika kwa viongozi wengi, lakini wengine huona ndicho kilele cha kazi yote. Linganisheni sehemu hizi mbili. Je, kwaya iliyopiga kelele imegeuzwa moyo, au yaimba kwa moyo ule ule?

Kipimo cha nne ni nyimbo za kitabuni. Sauti ya wimbo wa Paul Gerhardt juu ya kichwa cha Bwana kilichotiwa miiba yarudi mara tano katika kazi hii. Kwanza ilikuwa ya wimbo wa mapenzi, iliyotungwa na Hans Leo Hassler na kupigwa chapa mwaka 1601. Ndipo Kanisa likaitwaa. Bach aibadilisha kila mara kadiri ya mahali ilipo, na mara ya mwisho yaja mara tu Bwana akiisha kufa. Kiongozi aimbishaye mara zote tano namna moja, hakusoma. Lakini kiongozi aivutaye kila mstari mpaka watu washindwe kupumua, kama Mengelberg afanyavyo mara nyingi, amesahau ya kuwa huu ni wimbo wa watu wote wa kanisa. Hapo twampa Gardiner haki yake: kwaya yake huimba kama watu wasemao jambo wanalolijua.

Kipimo cha tano ni mwendo na uwiano. Wimbo wa kwanza kabisa wachukua zaidi ya dakika 11 kwa Klemperer, na kama dakika 7 tu kwa Gardiner. Wengi husikia tofauti hiyo wakahukumu papo hapo kwa kuitazama saa. Saa si hakimu. Katika wimbo huo kwaya ya kwanza yaita, kwaya ya pili yauliza kwa maneno mafupi mafupi, na juu yao sauti nyembamba, mara nyingi za watoto, zaimba wimbo wa kale wa Mwana-kondoo wa Mungu. Ulizeni: Je, swali lasikika? Jibu lasikika? Wimbo wa juu wafika masikioni, au umefunikwa? Mwendo wa polepole ambao ndani yake yote matatu yasikika, ni mwema. Mwendo mwepesi ambao ndani yake yote matatu yasikika, nao ni mwema.

5. Neno lililo gumu

Lipo jambo ambalo sikio peke yake halitalipima. Santuri ya Leipzig ilinaswa mwaka 1941, katika utawala wa Hitler. Wapigaji wa Gewandhaus ndio wale walioongozwa na Mendelssohn tangu mwaka 1835, yule aliyeirudisha kazi hii kwa watu. Lakini Mendelssohn alizaliwa katika jamaa ya Kiyahudi. Usiku mmoja wa Novemba 1936 sanamu yake, iliyosimama mbele ya ukumbi wao, iliangushwa na kuondolewa. Miaka mitano baadaye, katika mji ule ule, wavulana wakaimba Mateso kwa sauti safi kabisa. Sanamu nyingine ya mfano wake ilisimamishwa karibu na kanisa la Mtakatifu Thoma mwaka 2008.

Na Mengelberg, baada ya vita, alikatazwa kuongoza katika nchi yake kwa ajili ya mwenendo wake siku zile Wajerumani walipoitawala Uholanzi. Akafa mwaka 1951 asirudi tena kazini.

Basi, tufanyeje? Wengine wasema, Zitupeni santuri hizo. Wengine wasema, Uzuri ni uzuri, yaliyopita yamepita. Sisi twaona njia hizo zote mbili ni nyepesi mno. Anayezitupa apoteza ushahidi, pamoja na sauti ya Karl Erb na ya watoto wasiokuwa na mamlaka yo yote. Anayesahau historia aufanya uzuri kuwa maji ya kuoshea mikono, kama yale ya Pilato. Twasikiliza, lakini twasikiliza tukijua. Na tukizipiga mbele ya vijana, twawaambia habari yote.

Tena kazi yenyewe yatufundisha. Bwana anaposema ya kuwa mmoja wao atamsaliti, wanafunzi wamwuliza kila mmoja kama ni yeye (26:22). Bach amelitungia swali hilo mara kumi na moja, maana wa kumi na mbili ni Yuda, naye swali lake laja baadaye. Je, ni nani ajibuye? Si Mwinjilisti. Mara hiyo hiyo kwaya nzima yaingia na wimbo wa kitabuni, kwa sauti ya watu wote wa kanisa, na kukiri: ni mimi. Hapo msikilizaji aliyeketi kuwapima wengine ajikuta amepimwa yeye. Na santuri ambayo kati ya swali na jibu huacha nafasi ndefu ya kustarehe, yamfungulia msikilizaji mlango wa kutoroka. Hapo, jibu na lije upesi.

6. Neno la faraja kwa kwaya ndogo

Tarehe 23 Agosti 1730 Bach aliwaandikia wakuu wa mji wa Leipzig juu ya haja za uimbaji wa kanisa. Alisema ya kuwa kila kwaya yapasa kuwa na watu 12 kwa uchache, watatu kwa kila sauti. Na wakiwa 16 ni bora zaidi. Mwaka 1981 Joshua Rifkin, Mmarekani, alitoa hoja ya kuwa mara nyingi Bach aliimbisha mtu mmoja tu kwa kila sauti. Wenye elimu wabishana hata leo. Baadhi ya viongozi wamelifuata neno lake. Paul McCreesh aliinasa kazi hii kwa njia hiyo mwaka 2002, katika kanisa kuu la Roskilde, Denmark, kwa waimbaji wachache tu. Lakini pande zote mbili za mabishano zakubaliana ya kuwa kwaya ya mamia ya watu si desturi ya Bach.

Basi wewe mwalimu uliye na watu kumi na wawili, usione haya. Una hesabu ile ile ambayo Bach aliiomba kwa kwaya moja. Ule ukubwa uliousikia katika santuri ulikuwa ushuhuda wa desturi ya mwaka 1829 na miaka iliyofuata. Kwako haukuwa amri.

7. Njia ya kufanya

Chagueni wimbo mmoja mfupi wa kitabuni ulio katika kazi hii. Usikilizeni katika santuri tatu, jioni moja. Sauti ya chombo iwe sawasawa kwa zote tatu, maana iliyo na nguvu zaidi huonekana bora kwa sababu hiyo tu. Msihukumu kwa spika ndogo ya simu, kwa kuwa haiwezi kuitoa vema sauti ya nne wala vyombo vinene; tafuteni spika kubwa au vya kuvaa masikioni. Msisome kwanza sifa wala jina la kiongozi. Kila mtu aandike alilosikia, si alilopenda: neno lipi lilisikika, pumzi ilichukuliwa wapi, sauti ipi ilifunikwa. Ndipo msomeane.

Mwisho, zimeni chombo, mwimbe wenyewe wimbo wa kitabuni mnaoujua, kwa lugha yenu. Kama baada ya kusikiliza mwaimba maneno kwa kuyaelewa zaidi, santuri imefanya kazi yake. Kama mwaimba kwa hofu zaidi, ifungieni kwanza kabatini, hata mtakapokuwa tayari kuisikiliza kama shahidi.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini Bach aliyaandika maneno ya Injili kwa wino mwekundu? Katika kwaya yetu, ni nini kionyeshacho ya kuwa Neno ni la kwanza?
2. Someni Mathayo 27:46. Kuondoka kwa fidla mahali hapo kwatufundisha nini juu ya kimya katika ibada?
3. Je, yafaa kusikiliza uimbaji mzuri wa watu waliokosa? Kila mtu atoe sababu zake.
4. Ni santuri ipi iliyotutia haya, na ni ipi iliyotutia nguvu? Tofauti yao ni nini?